Kujifunza Kupiga Picha

Vijana watano wa Milola walipatana kujifunza kazi ya kupiga picha. Walikuwa wavulana watatu na wasichana wawili, wote wamekwisha kumaliza shule, wala hakuna aliyetumaini kupata fedha kwa kazi hiyo. Walitaka kujua tu. Milola iko bara katika mkoa wa Lindi, katika nchi ya Wamwera, penye mihogo na ufuta na mikorosho. Chombo chao kilikuwa kimoja, simu ya mkononi ambayo kioo chake kimepasuka pembeni, nayo ilikuwa mali ya yule msichana mkubwa. Basi wakaenda kwa mwalimu mzee aliyekwisha kustaafu, kwa kuwa walisikia kwamba katika ujana wake alikuwa na kamera ya filamu, na kwamba picha zake alizisafisha mwenyewe nyumbani.

Wakamwamkia, wakamweleza haja yao, wakamwonyesha ile simu. Mwalimu hakuishika. Akawauliza, "Picha hutoka wapi?" Mmoja akajibu, "Hutoka ndani ya simu, Mwalimu." Akawaambia waende zao, warudi kesho yake na kopo tupu la maziwa ya unga, sindano, karatasi nyeupe nyembamba, mafuta ya nazi kidogo, na kaniki. Wakaondoka wakinong'onezana, maana walidhani mzee amechoka.

Kesho yake walipaka masizi ndani ya kopo mpaka likawa jeusi kama chungu. Kisha wakatoboa tundu moja katikati ya kitako chake, dogo, la ncha ya sindano tu. Karatasi wakaipaka mafuta hata ikapitisha nuru, wakaiwamba katika kinywa cha kopo kama ngozi iwambwavyo katika ngoma, wakaifunga kwa uzi. Mwalimu akawaambia waelekeze tundu kwenye mnazi uliosimama juani, na mtazamaji ajifunike kaniki, kichwa na kopo pamoja, nuru isimwingilie kwa nyuma. Aliyetangulia kutazama alinyamaza kwanza, kisha akapiga kelele. Mnazi ulikuwa pale juu ya karatasi, mdogo kama kidole, pamoja na rangi zake zote, makuti chini na shina juu. Mtu akapita njiani na baiskeli. Ndani ya kopo alipita kichwa chini, tena akielekea upande usio wake. Wakagombania lile kopo mpaka adhuhuri.

Sababu yake si ngumu. Nuru huenda moja kwa moja, haipindi. Nuru itokayo kileleni mwa mnazi, ikipita katika tundu, haina budi kuangukia chini ya karatasi, na ile itokayo shinani huangukia juu. Jambo hili lilichunguzwa sana na Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, akaandika kitabu kikubwa cha elimu ya nuru katika nchi ya Misri. Yeye aliweka taa kadha wa kadha mbele ya tundu la chumba cha giza, akaona ndani ya chumba madoa ya nuru sawasawa na hesabu ya taa. Akifunika taa moja, doa moja hutoweka, na mengine hubaki mahali pake. Ndipo akajua kwamba nuru za taa nyingi zaweza kupita katika tundu moja zisichanganyike. Kopo la maziwa la Milola na kamera ya bei kubwa ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao ni lenzi, na namna ya kuizuia ile picha isiondoke.

Kuizuia isiondoke ndiko kulikowasumbua watu muda mrefu. Mwaka 1839 Louis Daguerre wa Ufaransa alitangaza njia ya kuishika picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na siku zile zile William Henry Fox Talbot wa Uingereza alikuwa akiishika juu ya karatasi yenye chumvi ya fedha. Chumvi za fedha zikipigwa na nuru hugeuka nyeusi, na hiyo ndiyo siri ya filamu. Mahali palipokuwa na mwanga huwa peusi, na palipokuwa na kivuli hubaki wazi. Na ile picha iliyogeuka ikitolewa tena juu ya karatasi nyingine, kila kitu hurudi katika hali yake. Pwani ya Afrika Mashariki haikungoja sana: James Grant, msafiri wa Kiskoti, alipiga picha Unguja mwaka 1860. Walakini kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa ya wasafiri wenye mali na ya wenye studio. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilianza kuuza kamera ya sanduku, jina lake Brownie, kwa dola moja ya Marekani, na tangu hapo hata mtoto aliweza kuwa na kamera.

Mwalimu aliwaeleza jinsi alivyokuwa akisafisha picha zake. Alingoja usiku uingie, akaziba nyufa za mlango kwa magunia, akawasha taa yenye kioo chekundu, kwa kuwa karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haioni wekundu. Mbele yake ziliwekwa sahani tatu: ya kwanza ya dawa ya kuitokeza picha, ya pili ya maji, na ya tatu ya dawa ya kuikaza isiharibiwe na mwanga. Filamu yenyewe haikuvumilia hata wekundu, na hiyo aliisafisha kwa kupapasa, gizani kabisa. Adui yake mkubwa alikuwa joto. Filamu imepakwa utando wa gundi itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, nao hulainika katika maji ya uvuguvugu. Usiku mmoja picha za arusi nzima ziliteleza zikatoka kama utando wa maziwa, zikazama sahanini. Tangu siku hiyo alitumia maji yaliyolala mtungini usiku kucha. Hakusema arusi hiyo ilikuwa ya nani, wala vijana hawakuthubutu kuuliza.

Basi wakafanya chama. Hakikuwa na jina wala ada. Kila Jumamosi alasiri, baada ya kazi za shamba, walikutana barazani kwa Mwalimu, wakapokezana ile simu na kuzitazama picha za juma lililopita. Sharti alilowawekea lilikuwa gumu kuliko walivyodhani: kila mtu picha 12 kwa juma, wala asizidishe hata moja, kwa sababu kamera yake ya zamani ilipiga picha 12 kwa filamu moja. Vijana walikuwa wamezoea kupiga mia wasitazame hata moja. Juma la kwanza wote walimaliza picha zao siku ya Jumapili, wakakaa siku sita mikono mitupu, wakiona kila saa kitu walichotamani kukipiga. Juma la pili walianza kungoja.

Katika kungoja wakajifunza jua. Saa sita mchana jua la Lindi husimama utosini, na macho ya mtu huwa mashimo mawili meusi chini ya paji lake. Asubuhi, au baada ya alasiri, nuru huja kwa ubavu na uso hupata umbo lake. Wakajifunza pia kwamba kamera hudanganyika kwa weupe. Mtu akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera hudhani mwanga ni mwingi mno, ikaupunguza, na uso wa mtu mweusi hutoka kama kivuli. Dawa yake haina gharama: mwondoe ukutani, umketishe barazani chini ya upenu, auelekeze uso wake uwanjani, na kama pana mtu aliyevaa kanzu nyeupe, na asimame karibu upande wa kivuli, kanzu yake itarudisha nuru usoni. Hata watengeneza filamu za rangi walikosa katika jambo hili. Kwa miaka mingi walizipima rangi zao kwa picha za wanawake weupe, na kwa hiyo nyuso nyeusi hazikutendewa haki. Kosa hilo halikuwa la jua wala la nyuso.

Yule mvulana mdogo wa chama alipenda sana habari za Mohamed Amin, akaziomba mara kwa mara. Mtu huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1943 akakulia Dar es Salaam, na alianza na Brownie iliyokwisha kutumika, angali mwanafunzi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1984 picha alizozipiga Ethiopia, katika njaa kubwa, zilionyeshwa ulimwenguni kote, na watu wa nchi nyingi wakatoa msaada. Mvulana alitaka kwenda mbali kama yeye. Mwalimu akamwambia kwamba bado hajaipiga vizuri hata ghala ya mama yake.

Jumamosi moja mvulana huyo alileta picha ya mkorosho mkubwa ulio nyuma ya nyumba ya mzee mmoja jirani. Mti ulitoka vizuri, majani yake yalihesabika. Lakini pembeni, upande wa kushoto, mzee mwenyewe alikuwa ameingia katika picha bila kukusudiwa: nusu ya uso, sikio moja, bega, na mkono ulioshika bakora. Chama kizima kilicheka. Wakamwuliza kama alitaka mti au mtu, naye akaona haya, akasema atakwenda kuifuta. Mwalimu hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: mzee alijua kwamba anapigwa picha? Mvulana akasema hapana. Akawaamuru waende wote wakaombe radhi, na wakamwombe ruhusa ya kumpiga picha iliyo kamili.

Wakaenda. "Shikamoo, babu." Mzee akaitika, "Marahaba, wajukuu," akawakaribisha mkekani. Walipomweleza haja yao alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Babu yangu mimi alipigwa picha Tendaguru, ana mzigo kichwani. Wakamwambia simama, akasimama. Picha ikaenda Ulaya. Kwetu haikurudi, wala hatujui kama ipo."

Tendaguru ni kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, na habari zake zajulikana. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona huko mifupa mikubwa mno imejitokeza ardhini. Kuanzia mwaka 1909 hata mwaka 1913 makumbusho ya Berlin yalituma wataalamu kuichimba. Waliotangulia kusimamia ni Werner Janensch na Edwin Hennig. Mifupa hiyo ilikuwa ya dainosaria walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha majuzi tu, na nchi ilikuwa imeumia kwa njaa na mauaji. Wenyeji walioajiriwa walifika hata 500 kwa wakati mmoja. Wao ndio waliochimba, wakaifunga mifupa kwa lipu na mianzi, wakaichukua vichwani na mabegani mwendo wa siku nne mpaka bandari ya Lindi. Uzito wa vyote ulipita tani 200. Mwaka 1937 mmoja wa wanyama hao alisimamishwa mifupa yake katika makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na yuko huko hata leo.

Wataalamu walikuwa na kamera, nao walipiga picha nyingi. Ni picha nzuri. Hilo lazima likubaliwe. Mashimo yaonekana, mifupa yaonekana, misafara ya wapagazi yaonekana, nguo zao na miguu yao mitupu. Kila mfupa uliandikwa nambari na shimo ulikotoka. Watu hawakuandikwa hivyo. Wako wachache wanaojulikana majina yao, na wa kwanza wao ni Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye alifanya kazi hiyo hata walipokuja Waingereza kuchimba tena kuanzia mwaka 1924. Katika picha moja yuko shimoni, karibu na ubavu wa mnyama uliomzidi yeye kwa urefu. Waliobaki ni wapagazi tu, au wachimbaji tu.

Wala si kwamba watu wa nchi hii hawakujua kazi ya picha iliyo mkononi mwao wenyewe. Mwaka ule ule wa 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita kutoka Lindi kwenda Masasi na Newala akiwa na kamera na chombo cha kunasa sauti. Aliwapa watu karatasi na kalamu wachore walichotaka. Pesa Mbili, mkuu wa wapagazi wake, alichora, na wengine wakachora, na michoro yao ilipigwa chapa katika kitabu cha Weule mwaka 1908. Kwa mara moja yule aliyetazamwa alipewa nafasi ya kutazama.

Yule msichana mkubwa akaitoa simu yake, akatafuta picha za Tendaguru, akampa mzee. Mzee akavaa miwani. Walikuwa wamesimama safu nzima, vifurushi vya mifupa mbele yao. Akamtazama wa kwanza, akamtazama wa pili. Msichana akamwonyesha namna ya kuikuza picha kwa vidole viwili, na mzee akaikuza sura moja, akaikuza tena, mpaka sura ikavunjika ikawa madoa meusi na meupe, haina jicho wala pua. Akairudisha ndogo. Akasema, "Huenda ni huyu. Huenda ni huyu mwingine. Kama wangeandika jina." Akamrudishia simu.

Kisha akakubali kupigwa picha, kwa masharti yake. Si leo, maana shati lake limechanika. Waje baada ya Idi, atakuwa amevaa kanzu mpya na kofia, naye ataketi kitini, si chini. Na picha iwe ya karatasi, aishike mkononi, isiwe ya kuonyeshwa simuni na kuondoka nayo. Wakaahidi. Jumamosi iliyofuata chama hakikutazama picha yo yote. Walishindana tu juu ya mahali pa kumketisha mzee, saa ngapi, na nani atasimama na kanzu nyeupe upande wa kivuli. Walikwenda barazani kwake wakapima nuru mara tatu, naye akawafukuza kwa bakora akicheka.

Mzee hakuifikia Idi. Homa ilimshika usiku wa Jumatatu, akapelekwa zahanati, na Alhamisi alasiri akazikwa.

Baada ya siku za matanga mke wake akatuma mtoto kwa Mwalimu, kuuliza kama wale wajukuu waliwahi kumpiga picha marehemu, kwa kuwa nyumbani hakuna hata moja. Vijana wakatazamana. Mvulana mdogo akasema kwa sauti ndogo kwamba alikwisha kuifuta ile ya mkorosho, siku ile ile waliyomcheka. Aliifuta kweli. Lakini simu ile huziweka picha zilizofutwa mahali pengine kwa muda wa siku chache kabla ya kuzitupa kabisa, na msichana, mwenye simu, alipajua. Wakazihesabu siku kwa vidole. Zilibaki mbili. Akaifungua, nayo ilikuwapo: mkorosho mzima, majani yake yanahesabika, na pembeni nusu ya uso wa mzee, sikio moja, bega, na mkono ulioshika bakora.

Wakachanga nauli. Msichana na mvulana wakaenda Lindi mjini, wakamwomba mwenye duka la picha aukate mti, auache upande wa mzee peke yake, aukuze. Mwenye duka akawashauri wasipoteze fedha zao kwa picha iliyoharibika. Wakamwambia achape tu, nakala mbili.

Jioni ile wakampelekea bibi, wakampa kwa mikono miwili. Bibi aliishika mbali, kisha karibu. Akapitisha kidole juu ya ule mkono wenye bakora. Akawaambia waandike jina nyuma yake, na msichana akatoa kalamu. Bibi akataja jina la mume wake, na la baba yake, na la babu yake, yule mchukuzi wa mifupa, kisha akasema, "Andika na Milola." Msichana akaandika yote, akaongeza mwaka, akaipepea wino ukauke.

Bibi akaigeuza tena upande wa uso, akauliza ile nusu nyingine iko wapi.

Mvulana akajibu, "Haikuingia, bibi."

Akaitazama kidogo tena, akaifunika kwa kitambaa, akaitia sandukuni chini ya kanga zake.